Safari za Watu Wasioondoka Nyumbani

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya wasafiri wa namna ya ajabu kidogo. Hawa ni wasafiri wasiofunga mzigo, wasiokata tikiti, wasioumwa na mbu, wala kuchafukwa na moyo baharini. Huketi kitini, wakafungua kitabu, na kabla ya kwenda kulala wamekwisha kuvuka jangwa la Misri na kurudi. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, tangu mwaka 1900 hivi mpaka Vita Kuu ya 1914, na hata baada yake, wasafiri hawa walikuwa wengi mno huko Ulaya na Marekani, na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili yao vilijaa madukani. Baadhi ya vitabu hivyo vilitoa habari za nchi zetu na za baba zetu. Kwa hiyo yatupasa kujua namna vilivyotengenezwa, na ni akina nani walioviandika, na mambo gani yaliyoachwa nje.

Huenda mtu akauliza, kwa nini wakati ule na si zamani zaidi? Sababu ni kadha wa kadha. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na meli za moshi zikawa zikifika pwani yetu kutoka Ulaya kwa majuma machache, badala ya kuzunguka Afrika yote. Huko Uingereza sheria ya elimu ya mwaka 1870 ilieneza shule, hata watoto wa mafundi na wakulima wakajua kusoma, nao walipokua walitaka kitu cha kusoma. Tena mafundi wa kupiga chapa walivumbua njia ya kutia picha zilizopigwa kwa kamera katika kurasa za magazeti kwa gharama ndogo. Na picha ya tembo humfanya mtu anunue gazeti ambalo maneno matupu yasingemfanya alinunue.

Watalii nao walikuwa wamekwisha kuzaliwa. Mwingereza Thomas Cook, mpiga chapa aliyepinga ulevi, ndiye aliyewachukua watu wapatao 500 kwa gari la moshi kutoka Leicester mpaka Loughborough, siku ya tarehe 5 Julai 1841, ili wahudhurie mkutano wa watu wasiokunywa pombe. Kila mtu alilipa shilingi moja. Katika miaka ya 1872 na 1873 bwana huyo huyo aliongoza kundi la watu kuizunguka dunia nzima kwa siku 222. Kampuni aliyoianzisha iliendelea mpaka mwaka 2019, ilipofilisika. Lakini kwa kila mtu mmoja aliyeweza kulipa nauli ya namna hiyo, walikuwako mamia wasioweza. Na hao ndio tunaowasema.

Na tuanze kwanza na kitabu cha mtu anayesafiri kweli, kwa kuwa ndicho kilichomfundisha hata yule wa kitini namna ya kutazama. Mjerumani mmoja, Karl Baedeker, aliyezaliwa mwaka 1801, alifungua duka la vitabu katika mji wa Koblenz, kando ya mto Rhine, mwaka 1827. Zamani zile mgeni akifika katika mji asioujua hakuwa na budi kumwajiri mtu wa kumwongoza, na si ajabu kiongozi huyo kumpeleka kwenye hoteli ya rafiki yake na duka la shemeji yake. Baedeker aliona ya kuwa kitabu kidogo chaweza kuifanya kazi ile bila ya kudai kitu juu ya bei yake. Mwingereza John Murray naye alitoa cha kwake mwaka 1836, na Baedeker hakuona haya kujifunza kwake. Kitabu kilikuwa chekundu, cha kutosha mfukoni, chenye karatasi nyembamba na ramani zilizochorwa kwa uangalifu mwingi. Ndani yake msafiri alisoma saa ya gari la moshi kuondoka, bei ya kitanda na ya chakula, mlango gani wa kanisa ulio wazi, na mtunza mlango apewe nini.

Baedeker alikuwa mtu wa kuhakikisha. Inasimuliwa ya kuwa alipopanda ngazi za kanisa kuu la Milan, kila baada ya vipandio 20 alitia mkono katika mfuko wa kizibao chake, akatoa punje moja ya njegere, akaiweka katika mfuko wa suruali. Na wakati wa kushuka alizirudisha punje zile moja moja, ili ajue kama hesabu ya kupanda na ya kushuka ni sawasawa. Tafadhali ikumbukeni habari hii ya njegere. Tutaihitaji mbele kidogo, tutakapofika Tsavo.

Mwenyewe alikufa mwaka 1859, lakini wanawe waliiendeleza kazi, wakaihamishia Leipzig mwaka 1872, na kabla ya vita ya 1914 kulikuwa na vitabu vyao vya karibu Ulaya yote, na vya Misri, Palestina na Shamu, Marekani, na Urusi. Mahali palipostahili kuonwa paliwekewa alama ya nyota, na palipostahili zaidi nyota mbili. Hapo ndipo yalipoanza mashaka. Watu wengi walikwenda wakizitazama nyota za kitabu kuliko mawe ya jengo lenyewe. Mwandishi wa Kiingereza E. M. Forster, katika riwaya yake moja ya mwaka 1908, alifanya mzaha juu ya jambo hili: msichana wake ajikuta ndani ya kanisa moja la Florence bila ya kitabu chekundu, naye hajui astaajabie lipi na aliache lipi. Sifa ya vitabu hivi ilikuwa kubwa hata katika vita ya pili. Mwaka 1942 ndege za Wajerumani zilipoipiga miji ya kale ya Uingereza, kama Exeter, Bath, Norwich, York na Canterbury, watu waliyaita mashambulio yale kwa jina la Baedeker, kwa sababu ilisemekana kwamba miji ile ilichaguliwa kwa nyota zake. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, mabomu ya Waingereza yaliiteketeza nyumba ya kampuni ya Baedeker mjini Leipzig.

Basi huyo ni msafiri wa miguu. Msafiri wa kitini alihitaji chombo cha namna nyingine, na mafundi hawakukawia kumtengenezea. Katika Marekani kampuni ya Underwood na Underwood iliuza kadi zenye picha mbili mbili za mahali pamoja. Picha hizo zilipigwa kwa macho mawili ya kamera yaliyoachana kama yalivyoachana macho ya mtu. Mtu alizitia kadi katika chombo kidogo cha mkono chenye vioo, kiitwacho stereoskopu, akachungulia. Jicho la kulia likaona picha ya kulia, la kushoto ya kushoto, na ubongo ukaziunganisha zikawa moja. Ghafula jengo likasimama mbele yake lina kina, kama kwamba aweza kunyosha mkono na kuligusa. Mwaka 1905 mtaalamu wa mambo ya Misri, James Henry Breasted, alitoa kitabu kilichofuatana na picha 100 za namna hiyo, pamoja na ramani zilizotiwa mistari ya kuonyesha ni mahali gani mtazamaji amesimama na macho yake yafika wapi. Mwalimu wa kijiji cha mbali katika Marekani, asiyepata hata kuona bahari, aliweza kupanda mto Nile tangu Kairo mpaka Sudani akiwa ameshika chai mkono mmoja.

Kisha walikuwako wasemaji. Burton Holmes, aliyezaliwa Chicago mwaka 1870, alisafiri wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi alisimama jukwaani mbele ya watu waliolipa kiingilio, akawaonyesha picha zilizopakwa rangi kwa mkono na kutupwa juu ya kitambaa cheupe kwa taa. Tangu mwaka 1897 aliongeza na picha za sinema. Aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya nusu karne, akakutana na watu wake mara zaidi ya 8,000. Twaweza kusema ya kuwa mazungumzo ya redioni ni wajukuu wa mikutano yake, ila sisi hatuna kitambaa wala taa, na ninyi hamlipi kiingilio.

Sasa tuje kwetu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ziwani, mahali paitwapo sasa Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Reli iliyogharimu fedha nyingi vile ilitaka abiria, na abiria hawakuwako wa kutosha. Kwa hiyo wenye reli walibandika matangazo ya rangi huko Uingereza, yakionyesha wanyama wa kila namna wakilikusanyikia gari la moshi, na kuwaita mabwana wakubwa waje kukaa nyanda za juu za huku wakati wa baridi ya kwao. Na waandishi wakaja. Mwaka 1907 Winston Churchill, aliyekuwa wakati ule naibu wa waziri wa makoloni, alishuka Mombasa, akapanda gari la moshi, akaketi katika kiti kilichowekwa mbele kabisa ya injini ili aone wanyama vizuri. Alifika Uganda, akashuka na Nile mpaka Misri. Habari zake zilitoka mwaka 1908 katika gazeti moja la London, sura kwa sura, kisha zikawa kitabu.

Baada yake alikuja Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani. Alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu waliokusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Washington. Naye pia aliketi mbele ya injini. Yaonekana kiti kile kilikuwa cha heshima. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na miongoni mwa mizigo yao ilikuwamo chumvi tani 4 ya kukaushia ngozi. Gazeti moja la New York lilimlipa dola 50,000 kwa habari za safari ile, na kitabu kikatoka mwaka 1910. Tangu hapo neno letu safari likaenea vinywani mwa Wamarekani, ingawa kwao lilikuwa na maana ya kuwinda, na kwetu mtu akienda kumwamkia mjomba wake ng'ambo ya mto naye yumo safarini.

Kwa haki tuseme ya kuwa Roosevelt hakuwasahau kabisa watu waliomtumikia. Aliandika majina ya wachukuzi wa bunduki, kama Juma Yohari na Kassitura, akaeleza tabia zao, na nyimbo za wapagazi zilimpendeza. Walakini wale mamia waliobeba chumvi ile vichwani ni umati tu katika kitabu chake. Msomaji wa kitini anajua urefu wa pembe za kila tembo kuliko anavyojua mpagazi alilipwa nini kwa mwezi, au aliacha watoto wangapi nyumbani. Tembo alipimwa kwa futi na inchi. Mtu hakupimwa kwa chochote.

Lakini kitabu kilichosomwa kwa moyo wa kutetemeka kuliko vyote ni cha mwaka 1907, cha John Henry Patterson, juu ya simba wa Tsavo. Patterson alikuwa injinia aliyefika Tsavo mwezi wa Machi 1898 kujenga daraja la reli juu ya mto. Simba wawili, wote madume wasio na manyoya ya shingoni, walianza kuwatoa watu mahemani usiku. Boma za miiba hazikuwazuia, mioto haikuwazuia, wala mitego. Mwishowe vibarua wengi walilikimbilia gari la moshi wakaenda zao, na kazi ikasimama kwa majuma kama matatu. Patterson alimwua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba 1898, na wa pili tarehe 29 ya mwezi huo huo. Ngozi zao alizitandika nyumbani kwake kama mazulia miaka mingi, hata mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Chicago kwa dola 5,000. Na hadi leo simba hao wamesimama humo ndani ya kioo, wamejazwa vizuri, ingawa ni wadogo kidogo kuliko walivyokuwa, kwa sababu zulia hukatwa kingo.

Je, watu wangapi waliliwa? Hapa tusimame kidogo, maana ndipo penye shina la mazungumzo yetu. Katika kitabu chake Patterson alisema ya kuwa Wahindi waliouawa walikuwa 28, na pamoja nao Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuandikwa mahali popote. Baadaye, katika maandiko aliyoyatoa kwa ajili ya jumba lile la Chicago, hesabu ilikuwa imepanda ikafika watu 135. Mwaka 2009 wataalamu walichukua chembe za mifupa na nywele za simba wale wale. Nyama aliyokula mnyama huacha alama yake katika mfupa na unywele, na alama ya nyama ya mtu ni tofauti na ya pundamilia au ya nyati. Kwa njia hiyo wakakisia ya kuwa simba wale wawili walikula kiasi cha watu 35, mmoja wao akiwa amekula wengi zaidi ya mwenziwe. Wenyewe walisema ya kuwa huko ni kukisia tu, na hesabu ya kweli yaweza kupungua au kuzidi. Tena mtu aliyeuawa asiliwe hakuacha alama yoyote katika mfupa wa simba.

Sasa ikumbukeni ile habari ya njegere. Mtu mmoja alivihesabu vipandio vya ngazi ya kanisa mara mbili, kwenda na kurudi, ili msomaji wake asidanganyike hata kwa kipandio kimoja. Na katika Tsavo, watu waliolala ndani ya hema wakaburutwa gizani, hawakuhesabiwa hata mara moja kama walikuwa watu wa nchi. Wahindi walihesabiwa kwa sababu walikuwa na mikataba, na mkataba una jina na namba. Wataita na Wakamba na wengineo waliokufa huko walikuwa na majina pia, na mama zao waliyajua. Lakini hayakuwa katika daftari la reli, na kitu kisichokuwa katika daftari hakikuweza kuingia katika kitabu. Hatusemi ya kuwa Patterson alikuwa mwongo. Alisema wazi ya kuwa hesabu haikuwekwa. Twasema ya kuwa msomaji wa kitini aliipita sentensi ile upesi, akaenda mbele kutafuta simba.

Tena liko jambo jingine ambalo vitabu hivi vililificha bila kukusudia. Wafanyi kazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli ile, na karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi. Hata tukiikubali ile hesabu kubwa ya 135, basi simba si kitu mbele ya homa na kuhara damu. Lakini nani angenunua kitabu juu ya kuhara damu? Mwandishi wa safari hutafuta jambo la ajabu, na maradhi hayakuwa ya ajabu. Kwa hiyo msomaji aliyeketi London akadhani hatari kubwa ya Afrika ina makucha. Kumbe ilikuwa ndani ya maji ya kunywa na katika mate ya mbu.

Huenda mmekwisha kujiuliza, je, watu wetu wenyewe hawakusafiri? Walisafiri, na wakaandika. Katika mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani, Theodor Bumiller, kutoka Berlin mpaka Petersburg na Moscow, kisha wakaingia Siberia, hata wakafika nchi za Waislamu wa Asia ya Kati. Aliisimulia safari yake kwa Kiswahili kizuri, bila ya kujivuna. Huku Wazungu wakiandika namna watu wa Afrika walivyowastaajabia, Salim aliandika namna watu wa Urusi walivyomstaajabia yeye, kwa kuwa wengi hawakupata kumwona mtu mweusi tangu kuzaliwa. Mambo yamegeuka: sasa ni Mzungu wa kijijini anayekodoa macho, na Mwafrika ndiye mwenye kalamu. Tena alipofika kwa Waislamu wenziwe, mbali kabisa na bahari yake, dini iliwafanya wawe jamaa hata kama lugha zao ni mbalimbali. Jambo hilo Baedeker asingeliweza kulitilia nyota.

Lakini tazameni kitabu chenyewe kilitoka wapi. Kilipigwa chapa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1901, kwa jina la Safari za Wasuaheli, na mkusanyaji wake alikuwa Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya Wajerumani Dar es Salaam kabla ya kwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Ndani yake zimo pia habari za Sleman bin Mwenye Chande, aliyekwenda bara kwa biashara, na za Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Yalikuwa maneno ya Waswahili, kwa lugha ya Waswahili. Lakini wasomaji waliokusudiwa ni Wajerumani waliokuwa wakijifunza lugha ili waje kutawala au kufanya kazi huku, na kwa wengine palitolewa tafsiri ya Kijerumani mwaka ule ule. Hata habari ya mtu wetu kwenda Siberia iliwekwa kwanza katika kiti cha mwingine.

Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alialikwa Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, na karani wake Ham Mukasa alifuatana naye. Kutawazwa kulikuwa kuwe tarehe 26 Juni. Mfalme akaugua tumbo, akapasuliwa na madaktari, na siku ikaahirishwa mpaka tarehe 9 Agosti. Kwa hiyo wageni hao walipata nafasi ya kuona mambo mengi kuliko ilivyopangwa, nasi twafaidika kwa ugonjwa ule. Ham Mukasa aliandika kila kitu kwa Kiganda, na padre Ernest Millar akakifasiri kitabu kwa Kiingereza mwaka 1904. Uzuri wake ni huu, ya kwamba kila mara apima vitu vya kigeni kwa vitu vya nyumbani. Akitaka kueleza urefu au umbali, hukutajia mahali pa Buganda ambapo msomaji wake amepita kwa miguu. Mwandishi wa kitabu cha watalii humwambia mgeni, "Tazama hiki." Ham Mukasa amwambia ndugu yake, "Kile nilichokiona ni kama hiki chetu, ila kimezidi hapa, na kimepungua pale." Twafikiri njia yake ni bora, nasi twawashauri wanafunzi waijaribu watakapoandika insha juu ya mji walioutembelea: msituambie nyumba ilikuwa kubwa mno, tuambieni ingeingia mara ngapi katika uwanja wa shule yenu.

Mtu wa tatu ni Martin Kayamba, Mbondei, aliyezaliwa mwaka 1891, akasoma Kiungani katika Unguja, akawa karani mkuu wa serikali Tanga. Safari yake haikuwa ya utalii hata kidogo. Mwaka 1931 kamati ya Bunge la Uingereza ilikuwa ikitazama kama yafaa Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe chini ya utawala mmoja. Walowezi wengi wa Kenya waliutamani muungano wa namna yao. Na Waafrika waliogopa kwamba mambo ya ardhi na kazi ya Kenya yangevuka mpaka. Tanganyika ilipeleka mashahidi watatu wa Kiafrika: Kayamba, Mtemi Makwaia wa Usukuma, na Francis Lwamugira wa Bukoba. Uganda nayo ilimpeleka Serwano Kulubya pamoja na wenziwe, na kutoka Kenya walikuwako Koinange wa Mbiyu, James Mutua na Ezekiel Apindi. Watu hawa walikwenda London, wakaulizwa maswali, wakajibu.

Kayamba aliporudi aliandika kitabu, nacho kilipigwa chapa London mwaka 1932 kwa jina la Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Liangalieni jina hilo vizuri. Halisemi "nilivyoona," na halikuishia kwa kuona. Mtalii huona, naye huyo wa kitini huona kwa macho ya mtalii. Lakini mashahidi hawa walikuwa na neno la kusema na kazi ya kufanya, na wengine wengi nyumbani waliingojea habari yake. Tena kitabu hiki, tofauti na kile cha Göttingen, kilikuwa cha Kiswahili kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, watu wa shule za misheni na makarani na walimu wa vijiji. Safari hii kiti kilikuwa chao wenyewe, na London ndiyo iliyokuwa nchi ya mbali yenye mambo ya kustaajabisha.

Kamati ile ilitoa shauri lake mwaka 1931 ya kuwa wakati wa kuziunganisha nchi hizo tatu haujafika, na jambo likawekwa kando. Kayamba aliendelea kupanda katika kazi, akahamishiwa ofisi ya Katibu Mkuu wa Serikali Dar es Salaam. Mwaka 1936 habari ya maisha yake ilitokea kwa Kiingereza katika kitabu cha maisha ya Waafrika kumi kilichotengenezwa na Margery Perham. Alikufa mwaka 1940, na kitabu chake cha mwisho, juu ya matatizo ya Afrika, kilitoka miaka minane baadaye.